Diwani na Kona ya Mtaro

Sitaji jina lake. Mtaa nao siutaji. Ng'ambo ya mji wetu wa Unguja ni kubwa na mitaro yake ni mingi. Nitamwita Diwani tu, kama tulivyokuwa tukimwita sote, hata wajukuu zake, hata muuza kahawa ambaye alijisifu kwamba hajawahi kumpigia kura. Mimi nilikuwa diwani wa viti maalumu, yeye wa wadi, na kwa vipindi viwili tulikaa viti vilivyopakana katika baraza letu. Katika muda huo nilimsikia akiuliza maswali mengi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Moja kati ya hayo lilimharibia mtu maisha. Mimi niliyekuwa pembeni yake nililipigia meza mpaka kiganja kikaniuma, na kwa kuwa sasa Diwani ameshatangulia mbele ya haki, nimeona niandike habari zake, nzuri na mbaya. Naandika kwa moyo mzito, kwa sababu ndani yake imo siri ya maiti mwengine, na wakubwa zetu walitufundisha kwamba maiti husitiriwa. Mwenyezi Mungu anisamehe, nao wanisamehe.

Alikuwa mtu mfupi, mwembamba, mwenye kanzu iliyopigwa pasi kwa mkono wa mtu anayempenda. Huyo alikuwa dada yake, nitafika kwake. Barazani alikuwa na mazoea yake. Akitaka kuuliza swali la kawaida, alinyoosha mkono kama sisi. Akitaka kuuliza swali lenyewe, alivua kofia yake ya viua akaiweka juu ya meza. Kofia ikishuka tu, wakuu wa idara walianza kumimina maji kwenye gilasi. Halafu husema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Mheshimiwa Mwenyekiti, nna swali dogo la nyongeza." Sikumbuki hata moja lililokuwa dogo.

Siku moja aliuliza habari za choo cha soko. Choo kilikuwa kimefunguliwa kwa ngoma na tarumbeta, na tangu siku hiyo kikatiwa kufuli. Mkuu wa idara akajibu kwa maneno mengi kwamba kuna utaratibu unaandaliwa. Diwani akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "mie nnaomba kujua mambo mawili tu. Ufunguo wa choo anao nani? Na huyo mwenye ufunguo, akibanwa, yeye mwenyewe huenda wapi?"

Ukumbi ulicheka, na Mwenyekiti akajificha nyuma ya makaratasi. Kufuli liliondoka siku ile ile. Ndivyo alivyokuwa akishinda: kwa kichekesho. Watu wa idara walikuwa na majibu ya hesabu na majibu ya sheria, lakini kicheko hawakuwa na jibu lake. Alilijua hilo, na nadhani alilipenda kupita kiasi.

Tukienda kukagua miradi ndipo utamuona vizuri. Wenyeji wanajua madiwani wanakuja, basi mawe yamepakwa chokaa na vyungu vya maua vimeazimwa kwa watu. Sisi tunasimama mbele ya kibao tunapigwa picha. Diwani humuoni. Yuko nyuma, anafungua mfereji wa chooni kuona kama unatoa maji. Katika skuli moja aliufungua ukatoa mlio wa upepo na mjusi, akarudi mbele akamshika mkono mkandarasi kwa adabu zote na kumpongeza kwa kuwapatia wanafunzi mjusi. Alikuwa na msemo wake: mradi usiokuwa na maji mferejini ni picha. Tuliutumia sote, hata kwenye mambo yasiyohusika. Shoga yangu mmoja alimwambia hivyo mchumba wake.

Sasa ukitoka naye nje ya ukumbi, unakutana na mtu mwengine kabisa. Nje Diwani alikuwa mtumwa wa muhali. Hajui kukataa. Akiuziwa samaki aliyelala, hununua, kwa sababu muuzaji kamwita "mzee wangu" na atamrudishiaje usoni. Nyumba yake moja ya urithi ilikaliwa na mpangaji ambaye kila mwezi alimjia na habari ya ugonjwa, na Diwani badala ya kupokea kodi akatoa nauli ya hospitali. Nilimwambia siku moja, "Mzee wangu, huo ukali wa barazani hebu chukua kidogo uende nao sokoni." Akanijibu, "Mwanangu, barazani nnauliza kwa niaba ya watu. Sokoni nauliza kwa niaba yangu, na mimi ni nani?"

Na aliyemuuliza kwa ukali alikuwa hamwachi hivi hivi. Siku ya pili yake humpelekea nyumbani mkate wa kumimina, umefunikwa kwa kitambaa safi, na salamu. Dada yake ndiye aliyeupika. Wakuu wa idara walitaniana: ukiona mkate wa Diwani umefika kwako, jua jana uliungua wewe kabla yake. Lakini waliula. Mkate ule ulikuwa unasema, jana ilikuwa kazi, leo ni ujirani. Ndiyo maana aliweza kuuliza atakavyo kwa miaka yote ile na bado akaalikwa kwenye harusi zao.

Dada yake huyo alikuwa ndiye mama yake, ukitaka ukweli. Wazazi waliondoka mapema, yeye akamlea mdogo wake kwa kutunga asmini. Alikuwa na mti mkubwa wa asmini nyuma ya jiko lake, na hakuna bibi harusi wa mtaa ule aliyevaa vikuba vya asmini visivyopita mikononi mwake. Hakuolewa. Watu walipomuuliza alisema anamngoja mdogo wake aoe, na mdogo wake alipooa na kufiwa na mke na kuoza watoto, akasema sasa kazeeka. Kila Alhamisi Diwani alikula kwake. Humsimulia mambo ya barazani, naye husikiliza huku akitunga maua, na mara nyingi maneno yake yalikuwa yale yale: "Punguza ukali, mdogo wangu. Watu wana mambo yao."

Sasa mtaro.

Mtaro ule ulikuwa wa haja. Masika yakishuka, maji ya juu yote yalikusanyika kwetu kwa sababu tuko chini. Diwani aliudai kwa miaka. Kila kikao cha bajeti kofia ilikuwa juu ya meza, mpaka pesa zikapatikana, na Mhandisi wa baraza, kijana mtaratibu asiyependa maneno, mwenye matope kwenye pindo la suruali wakati wote, akaanza kazi. Mtaro ukachimbwa vizuri na kuta zake zikasimama. Ukafika kwenye safu ya nyumba za zamani zilizogeuziana migongo, ukasimama hapo. Wachimbaji wakaondoka na vifaa vyao.

Yakaja masika. Maji sasa yalikuwa na njia ya kuja lakini hayakuwa na njia ya kutoka, kwa hivyo tulifurika kuliko zamani. Nilimuona mzazi wa siku chache akibebwa juu ya kiti na watu wanne, kichanga chake kimeshikwa na jirani mbele. Magodoro yalianikwa mpaka kwenye uzio wa msikiti. Watu walimjia Diwani mlangoni, wengine wakilia, wengine wakitukana, na yeye akawakaribisha wote na kuwapa chai.

Mhandisi alipoulizwa akaleta pendekezo la ajabu. Mtaro usiendelee moja kwa moja nyuma ya zile nyumba kama mchoro ulivyosema, bali upinde kona, uzunguke kichochoro cha msikiti, ndipo uende kutokea chini. Ni mbali zaidi na ni ghali zaidi. Sababu? Za kitaalamu. Sababu gani za kitaalamu? Hakueleza. Na mwisho wa safu ile ya nyumba lilikuwapo ghorofa jipya la tajiri mmoja, ambalo ukuta wake wa nyuma ungevunjwa kama mtaro ungenyooka. Mtu hahitaji kusoma sana kufanya hesabu hiyo. Mtaa mzima uliifanya, mimi nimo, na Diwani vile vile.

Kikao kilijaa siku ile. Wananchi walikuja na simu zao kurekodi. Kofia ikashuka.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nna swali dogo la nyongeza kwa Mhandisi. Watu wetu wamelala juu ya meza. Namuomba atwambie, mbele yao, kitu gani kilichomo nyuma ya nyumba zile ambacho mtaro hauwezi kupita?"

Mhandisi alisimama. Nakumbuka alimtazama Diwani kwa muda mrefu, na mimi nilidhani ni woga.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "sababu ninayo. Lakini siwezi kuisema hapa."

"Utaisema wapi basi, ghorofani kwa tajiri?"

Watu walilipuka. Mwenyekiti akagonga, lakini Diwani hakuwa amemaliza. Alishaonja kicheko. Akainua mkono, ukumbi ukatulia, akasema: "Mimi sikusoma uhandisi. Lakini nnajua maji hayapendi kona. Pesa ndizo zinazopenda kona."

Hapo ndipo nilipopiga meza.

Maneno yale yalitembea kwenye simu za watu mpaka Tumbatu na Makunduchi. Mhandisi akapata jina jipya, Bwana Kona. Uchunguzi ulifanywa na haukumtia hatiani: pesa za kipande kile zilikuwa bado benki, zinangoja mchoro mpya. Lakini nani anasubiri uchunguzi? Watu walisema kazijua kuzificha. Akaondolewa kwenye kazi za miradi, akapewa meza katika chumba cha ghala. Kwao Kiembe Samaki watoto walimwimbia njiani. Mkewe ndiye aliyekuwa akishika pesa za upatu wa wanawake wa mtaa wake, kwa sababu alikuwa mwaminifu. Wakamwambia kwa upole kwamba safari hii atashika mwengine. Hayo tuliyasikia na tuliyaona ya haki. Alhamisi iliyofuata Diwani alikwenda kwa dada yake akamwonyesha ile video, akacheka tena peke yake. Dada hakumaliza chakula. Na alipoombwa apike mkate wa kumimina wa kumpelekea Mhandisi, kwa mara ya kwanza alikataa. Alisema hana hamira.

Baraza likaamua mtaro unyooke. Tulishinda. Mhandisi mpya akaja na vigingi na kamba, akavipiga nyuma ya nyumba zile, kimoja kikaingia katikati ya mti wa asmini.

Haya yanayofuata nimeyasikia kwa kinywa cha Diwani mwenyewe, baadaye. Dada yake alikuwa mgonjwa kitandani siku hizo. Akaviona vigingi kutoka dirishani, akamwita. Alimtaka afunge mlango, akamwambia asimtazame usoni wakati anasema.

Alipokuwa msichana, kabla wazazi hawajafa, alipata mimba ya mtu ambaye hakurudi. Mama yao akamficha ndani na mdogo mtu akapelekwa Makunduchi kwa shangazi, akidhani kapelekwa kucheza. Mtoto alizaliwa hakulia. Mama na binti wakamkosha wenyewe, wakamzika nyuma ya jiko kabla ya alfajiri, na juu yake wakapanda asmini. Hakuna aliyejua, na mama alipokufa akabaki yeye peke yake na maua yake. Mpaka alipokuja yule Mhandisi wa kwanza na kamba zake. Bibi yule alimwita jikoni, akamwambia: "Mwanangu, hapa kuna mtu wangu. Nisitiri, na Mungu atakusitiri wewe. Hasa mdogo wangu asijue." Mhandisi akakunja kamba. Hakuuliza jina wala mwaka. Alisema, "Bibi, lala usingizi," akatoka.

Kwa hivyo siku ile alipotazamwa na ukumbi mzima na kuulizwa kilichomo nyuma ya nyumba zile, alikuwa anaulizwa na yule yule aliyeombwa asimwambie. Na jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake. Angelitoa, angetoka pale mtu safi.

Sijui Diwani alikaaje ndani ya ngozi yake usiku ule. Aliniambia tu kwamba dada yake alimuomba radhi, yeye dada, kwa kunyamaza wakati mtoto wa watu anachafuliwa, na kwamba hilo lilimuuma kuliko kama angelimtukana.

Ninachokijua kwa macho yangu ni kikao kilichofuata. Diwani alisimama na kofia yake kichwani. Akasema anaomba baraza litengue uamuzi wake, mtaro upinde kona kama alivyopendekeza Mhandisi wa kwanza. Akasema Mhandisi yule hakukosea kitu, aliyekosea ni yeye. Tukamuuliza sababu. Nilikuwa mmoja wa waliouliza, tena kwa ukali aliotufundisha mwenyewe.

"Sababu ninayo," akasema. "Lakini siwezi kuisema."

Ukumbi ulipiga kelele, mpaka waliosimama nje dirishani. Kijana mmoja nyuma akapaza sauti, "Na huyu kashaonyeshwa kona!" na watu wakacheka kwa kichekesho chake mwenyewe. Nilivuta kiti changu nikampa mgongo. Nilikuwa na hasira ya mtu aliyemuamini mtu. Baraza, kwa kuchoshwa na mambo yale zaidi kuliko kushawishika, likapitisha kona, na kazi ikaendelea. Mtaro ukapita kichochoro cha msikiti, na masika yaliyofuata maji yalipita pale yakatokea chini bila ya kuingia nyumba ya mtu. Hakuna aliyemshukuru. Kwenye uchaguzi aliangushwa na kijana asiyejua hata mipaka ya wadi, na mimi nilimsaidia kijana huyo kampeni.

Dada yake alipofariki nilikwenda mazikoni kwa sababu ya yule bibi, si kwa sababu yake. Siku ya khitma, watu wanatawanyika, aliniita nyuma ya jiko. Alikuwa amekonda, kanzu yake haina pasi. Nikasimama mbali kidogo nimekunja mikono. Akaniambia yote, amesimama mbele ya mti ule wa asmini, bila ya kujitetea hata neno moja.

"Kwa nini unanambia mie?" nikamuuliza.

"Kwa sababu ulinipa mgongo," akasema, "na ulikuwa na haki kwa unayoyajua. Na kwa sababu nimechoka kuwa nalo peke yangu. Ni amana, mwanangu."

Tangu siku hiyo nami nililibeba. Ni jambo baya kujua ukweli unaoweza kumsafisha mtu na usiweze kuutoa, kwa sababu kitambaa utakachomsafishia ni sanda ya mwengine. Nilipita kwa kina mama wa upatu, nikasikia wakimtaja mke wa Bwana Kona, nikatazama chini. Nilitaka kusema, "Mnamuonea." Kisha wataniuliza najuaje.

Diwani alijaribu njia zake. Alikwenda Kiembe Samaki kumuomba radhi Mhandisi, na Mhandisi alimpokea, akamwambia kashamsamehe. Akaenda tena, na tena, kila Ijumaa baada ya sala, wakakaa kibarazani bila ya maneno mengi, na Diwani akaona afadhali moyoni. Lakini wapitao walikuwa na macho. "Umewaona? Wanagawana." Aliyemchafua alipomkalia karibu, ndipo uchafu ulipozidi kushika. Mwishowe Mhandisi akamwambia, kwa aibu kubwa, kwamba ni bora asije tena, mkewe anaumia. Alisema mkewe tu. Diwani akafahamu kwamba hata mke hakuwa ameambiwa.

Mara ya mwisho kukutana naye ilikuwa huko huko Kiembe Samaki. Nilikuwa nimetoka kumtazama mgonjwa, jua la alasiri bado kali, nikamuona mzee amesimama ng'ambo ya barabara, kashika kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa. Anatazama nyumba moja ya mlango wa kijani na haendi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu." Alifurahi mpaka nikaona haya. "Mungu kakuleta. Hebu nichukulie hichi uwapelekee. Ni mkate. Nimeupika mwenyewe, haukuinuka vizuri. Usiseme umetoka kwa nani."

Nikaupokea, nikavuka, nikapiga hodi. Mhandisi alikuwa kaenda kusali. Mkewe akafungua mlango nusu, akasimama kwenye ule upenyo. Kwetu mgeni hasimamishwi mlangoni. Hata adui huambiwa karibu. Alinijua. Kila aliyewahi kuitazama ile video ananijua, mimi ni yule mwanamke wa pembeni anayepiga meza.

Hakuutazama mkate. Akasema kwa sauti ya chini, "Wewe ulikuwapo. Nambie tu. Mume wangu alikula?"

"Hakula," nikasema.

"Unajuaje?"

Nikafungua mdomo. Nilimkumbuka yule bibi na maua yake, na amana, nikaufunga. Nilisimama hapo na mkate wangu, na niliona mwenyewe namna ninavyoonekana. Mke wa Mhandisi akatikisa kichwa taratibu.

"Na yeye ndivyo anavyofanya," akasema. "Nikimuuliza hufanya hivyo hivyo."

Kumbe Diwani alikuwa amevuka barabara. Alikuja akasimama nyuma yangu, anahema. "Mwanangu," akamwambia yule mwanamke, "mie nitakwambia. Mimi ndiye mwenye haki ya kusema, maana ni dada yangu mimi aliyem..."

"Usinambie!" Mwanamke akainua mkono. "Mume wangu kaficha, basi kaficha kitu cha kufichwa. Nimelala naye miaka yote hii, namjua si mwizi. Siri zenu sizitaki. Mlipomvunja hamkumvunjia chumbani."

Akatupa macho njiani, nyuma yetu.

"Mlimvunjia mbele za watu," akasema. "Basi watu hao hapo."

Akanyoosha kidole nje. Kwenye kibaraza cha duka la jirani walikuwapo wanaume wanakunywa kahawa, na wanawake wawili watatu wanachambua mchele mlangoni. Wote walikuwa wameshaanza kututazama. Diwani aligeuka. Mtu aliyezungumza barazani miaka yote ile bila ya kutetemeka, niliuona mguu wake ukitafuta pa kukanyaga. Alishuka hatua moja, akasimama juani, akapaza sauti.

"Jamani! Mimi mnanijua. Mimi ndiye niliyesema maneno ya kona. Mhandisi huyu hakula kitu cha mtu. Mimi ndiye niliyemzulia kwa mzaha wangu, na sababu aliyokuwa nayo ilikuwa ya haki, na wala sikupewa kitu na mtu niseme haya..."

Mtu mmoja kibarazani akacheka puani. Diwani akajaribu kuendelea, sauti ikamkatika, akabaki anapumua tu, mkono kifuani. Wakaanza kugeukia vikombe vyao.

Nikauweka mkate chini kwenye kizingiti, nikashuka nikasimama karibu yake.

"Na mimi ndiye niliyepiga meza," nikasema, kwa sauti kali kuliko nilivyotaka. "Nilimcheka mtu mwaminifu nikijua sijui kitu. Mkewe mtu huyu mlimnyang'anya upatu kwa sababu yetu sisi. Mrudishieni. Kama mnataka wezi, wezi wa jina la mtu ni sisi wawili, tumesimama hapa."

Mwanamke mmoja aliacha kuchambua mchele. Wengine sijui walifikiria nini, na baadhi yao najua hawakuamini, na mpaka leo hawaamini. Diwani alinishika mkono kama mtu anayeogopa kuanguka. Nyuma yetu nikasikia komeo la ubawa wa pili likifunguliwa, na mlango wa kijani ukasukumwa mpaka ukagota ukutani.

"Haya," akasema mke wa Mhandisi. "Sasa piteni ndani."